Daktari kakomaa na shingo ya mama, kaka anasema mama hajapimwa

Shikamoo Daktari,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi. Naishi Moshi mjini, wazazi wako Kibosho. Nakuandikia kuhusu mama, na kuhusu kaka pia, maana sasa sijui nani ananipa shida zaidi.

Mama ana miaka 67. Presha anayo muda mrefu, ila dawa anameza pale kichwa kinapomuuma, kikitulia anazirudisha kabatini. Kuanzia masika yalipoisha tukaona miguu inavimba jioni. Akivua kandambili, alama za mikanda zinabaki kwenye ngozi. Tukasema ni umri, na ni kusimama sana jikoni. Baadaye akaanza kuongeza mito. Sasa kitandani halali kabisa, analala kwenye kochi ameegemea, na dirisha anataka liwe wazi, na baridi ya Kibosho mwezi wa saba unaijua mwenyewe. Usiku wa manane anashtuka anakohoa, anakwenda kukaa mlangoni mpaka pumzi irudi. Njia ya kupanda kutoka kanisani ndiyo iliyonifungua macho. Alisimama kwenye ua wa jirani, akashika tawi la kahawa, anahema, halafu akaniambia, "Hawa mwaka huu hawajapogoa."

Nikampeleka hospitali moja hapa mjini. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimlaza mama kwenye kitanda akakiinua upande wa kichwa, akamwambia ageuze uso kidogo kushoto, akawasha tochi, akaangalia shingo kwa muda mrefu mpaka mama akauliza kama ana uvimbe. Akatoa rula ya plastiki, zile za wanafunzi, akaisimamisha kifuani. Akamwambia nesi aandike 8. Halafu akabonyeza tumbo upande wa kulia, mkono uko tumboni lakini macho yako shingoni! Akamgeuza mama alalie ubavu wa kushoto, akasikiliza, akaomba watu wa nje wapunguze sauti. Akagonga mgongo kwa vidole. Akabonyeza muundi, shimo likabaki, akabonyeza mpaka mgongoni chini kabisa, karibu na makalio. Mwisho akasema moyo wa mama unashindwa kufanya kazi yake sawasawa, akatuandikia eksirei, vipimo vya damu na eko, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, akaanza kumpa vidonge vya kukojoza, viwili kwa siku.

Eko tumepangiwa wiki mbili mbele. Nikampigia kaka, yuko Arusha, yeye ndiye mwenye hela kidogo. Akawaka. "Daktari gani anaangalia shingo wakati ugonjwa uko moyoni? Mama hajapimwa chochote, kakisiwa." Na lile la moyo kushindwa limemtisha, anadhani tumeambiwa mama anakufa na mimi namficha. Anataka tuache dawa zote mpaka ampeleke Dar. Shangazi naye anasema hizo ni figo, kaleta mizizi ya kuchemsha.

Mama mwenyewe kidonge cha pili amekiacha, kwa sababu anakimeza usiku na choo kiko nje. Kwa magoti anatumia diklofenaki ya duka la dawa, miaka sasa. Chumvi anasema amepunguza.

Naomba unisaidie. Je, mama amepimwa au amekisiwa? Inaweza kuwa ni figo? Na kaka anataka mama ahamie kwake Arusha wiki ijayo, atafika salama kwa basi?

Binti wa Kibosho

*

Marahaba, binti yangu. Mpe mama pole, na umwambie nimecheka hapo kwenye kahawa isiyopogolewa. Watu wanaobanwa na pumzi ni hodari wa kupata sababu ya kusimama njiani. Mwingine hurekebisha kiatu, mwingine hupokea simu ambayo haikuita.

Nianze na kaka, kwa kuwa yeye ndiye anayeweza kuchelewesha matibabu. Mama amepimwa. Kwa ulivyosimulia, huyo kijana alifanya uchunguzi ambao ningependa wanafunzi wetu wote waje kuutazama, na hiyo shingo iliyomkera kaka ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya jibu.

Moyo una pande mbili. Wa kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika mwilini na kuipeleka mapafuni, wa kushoto huipokea ikitoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima. Ninyi watu wa Kibosho mmekua na mifereji ya mlimani: ukiziba huku chini, maji hayapotei, yanarudi nyuma na kufurika kwenye migomba ya mtu wa juu. Damu nayo ndivyo inavyofanya. Isipoondolewa vizuri na upande wa kushoto, hurundikana mapafuni na majimaji huchuja kuingia mahali pa hewa. Isipopokelewa vizuri na upande wa kulia, hujazana kwenye mishipa ya shingo, kwenye ini, tumboni na miguuni. Daktari alikuwa anafuata hilo furiko, kituo kwa kituo.

Kituo cha kwanza ni shingo. Upande wa kulia kuna mshipa mkubwa unaoshuka karibu moja kwa moja hadi chumba cha juu cha moyo, kwa hiyo kimo cha damu ndani yake kinaonyesha shinikizo lililomo humo chumbani. Huhitaji mashine kukiona, unahitaji kitanda kinachoinuka na subira. Mtu akilala chali kabisa, mshipa huo hujaa hata akiwa mzima. Akikaa wima, damu hushuka na kujificha kifuani. Ndiyo maana kitanda kiliinuliwa nusunusu, kwa kawaida nyuzi 45 hivi. Tochi humulika kwa ubavu ili kivuli kionyeshe mdundo wa mshipa unaishia wapi. Si mdundo wa ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, huo unaugusa kwa kidole. Mdundo wa mshipa huu hauguswi, unaonekana tu, mara nyingi ukicheza mara mbili kwa kila pigo la moyo.

Rula sasa. Katikati ya kifua, chini kidogo ya koo, kuna kinundu pale mifupa miwili inapoungana. Mguse mama utakipata. Kutoka kinundu hicho unapima wima hadi pale mdundo unapoishia. Kwa mtu asiye na tatizo haizidi sentimita 3 au 4. Mama alikuwa na 8. Wenyewe huongeza sentimita 5 nyingine, ambazo ni umbali wa kutoka kinunduni kushuka hadi kwenye chumba cha moyo, kwa hiyo shinikizo lilikuwa la kama sentimita 13 za maji. Hicho ni kipimo chenye namba, na kimeandikwa kwenye faili. Mwambie kaka akisome.

Na mkono tumboni, macho shingoni? Ini liko upande wa kulia chini ya mbavu na limejaa damu. Ukilibonyeza taratibu kwa sekunde kumi au zaidi, damu ya ziada inasukumwa kuelekea moyoni. Moyo wenye afya huimeza, mshipa wa shingo ukipanda unashuka papo hapo. Moyo ulioelemewa hauwezi, mshipa hupanda na kubaki juu mpaka mkono utoke. Lazima macho yawe shingoni, tumboni hakuna cha kuona. Kama mama alikunja uso alipobonyezwa, mkumbushe daktari, maana ini lililovimba kwa damu linauma likiguswa, na wagonjwa wengi hudhani ni vidonda vya tumbo.

Kulalia ubavu wa kushoto kunausogeza moyo karibu na ukuta wa kifua. Hapo daktari alitafuta mambo mawili. La kwanza ni mahali pigo la moyo linapogusa: kwa kawaida ni kati ya ubavu wa tano na wa sita, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Hili hupimwa zaidi mgonjwa akiwa chali, maana ubavuni pigo husogea lenyewe. Moyo uliotanuka hulisukuma kuelekea kwapani. La pili ni mlio. Moyo una milio miwili, lakini ukijaa kupita kiasi huweza kuongeza wa tatu, mzito na wa chini sana, ambao husikika kwa upande mdogo wa stethoskopu ukiwekwa bila kukandamiza. Kijana wa miaka 20 au mama mjamzito anaweza kuwa nao bila ugonjwa. Kwa mtu wa miaka 67 haupaswi kuwepo. Ni mlio mgumu kuusikia, hata madaktari wakongwe hubishana juu yake kitandani kwa mgonjwa huyohuyo mmoja, kwa hiyo kuwaomba watu wa koridoni wanyamaze si maringo.

Mgongoni alisikiliza na kugonga. Maji hukaa chini, kwa hiyo sehemu za chini za mapafu ndizo hutangulia kutoa mlio mwembamba wa kukatikakatika mwishoni mwa kuvuta pumzi, na haupotei mgonjwa akikohoa. Palipojaa maji nje ya pafu, kidole kikigonga hutoa sauti butu. Lakini angalia: mapafu yanaweza kuwa safi kabisa sikioni na moyo bado ukawa umeelemewa. Ugonjwa ukija polepole kwa miezi, mwili hujifunza kuyaondoa hayo maji mapafuni. Ukiambiwa "mapafu yako safi" usifunge safari ya kurudi nyumbani.

Miguu nimeiacha mwisho makusudi, ingawa ndiyo mliyoiona kwanza. Alibonyeza muundi kwa sababu pale kuna mfupa chini ya ngozi na shimo linaonekana vizuri. Alibonyeza chini ya mgongo kwa sababu mama analala ameegemea, na kwa mtu wa hivyo maji huhamia makalioni, miguu inaweza hata kudanganya kuwa imepungua. Ila miguu kuvimba, peke yake, ni ushahidi dhaifu. Kuna utafiti maarufu wa mji wa Framingham, Marekani, ulioanza 1948 na kufuatilia wakazi kwa miaka mingi. Mwaka 1971 watafiti wake walichapisha vigezo vya kutambua moyo unaoshindwa kazi, na mpaka leo vinatumika. Mishipa ya shingo iliyojaa ni kigezo kikubwa. Kubonyeza ini na shingo ikapanda, kikubwa. Mlio wa tatu, kikubwa. Kushtuka usiku kwa kukosa pumzi, kikubwa. Miguu yote miwili kuvimba imewekwa kundi la vigezo vidogo, pamoja na kikohozi cha usiku na kuhema ukipanda mlima. Vikubwa viwili vinatosha, au kikubwa kimoja na vidogo viwili. Hesabu ya mama ifanye mwenyewe.

Na hapa ndipo namjibu shangazi. Hajakosea kuuliza figo. Figo zinazovujisha protini huvimbisha mtu, mara nyingi uvimbe ukianzia usoni, macho yakiwa mazito asubuhi. Ini lililoharibika hujaza tumbo kwanza, miguu ikafuata. Hata dawa za presha zinahusika: amlodipini na nifedipini, ambazo wazee wetu wengi wanazo, zinaweza kuvimbisha miguu wakati moyo hauna kosa lolote. Hebu soma jina kwenye paketi ya mama na umtajie daktari. Lakini katika hayo yote mshipa wa shingo kwa kawaida haupandi. Shingo ndiyo inayotenganisha. Mkojo apimwe protini na damu ipimwe figo kama alivyoandikiwa, kwa sababu moyo na figo huugua pamoja, na dawa za moyo zinahitaji kujua hali ya figo. Mizizi aiweke kando. Hatujui ina nini, na figo za mama sasa hazina nafasi ya kufanyiwa majaribio.

Kuhusu kukisia, nimpe kaka haki yake kidogo. Mikono na macho vinaweza kusema moyo umeelemewa, haviwezi kusema kwa nini. Kwa nini ni kazi ya eko. Kwa mama, mimi macho yangu yako kwenye presha iliyotibiwa kwa kichwa kuuma. Presha haina desturi ya kubisha hodi, kwa miaka inaukaza na kuunenepesha msuli wa moyo huku kichwa kiko salama. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa 2014 ulionyesha kuwa presha ndiyo iliyoongoza kati ya vyanzo vya moyo kushindwa kwa wagonjwa waliofika pale. Lakini inaweza kuwa vali, yaani mlango wa ndani ya moyo, iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, au msuli wenyewe, na tiba zake si sawa. Eko hiyo inafanyika hospitali ya KCMC hapo hapo Moshi, hakuna haja ya kukimbilia Dar kwa sasa. Ikionekana ni vali ya kufanyiwa upasuaji, watampa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na hapo hela ya kaka itakuwa na kazi.

Majibu ya eko yakija mtaona asilimia. Hiyo ni sehemu ya damu ambayo chumba cha kushoto husukuma nje kwa pigo moja. Tafadhali msiisome kama matokeo ya mtihani wa shule. Hakuna moyo unaosukuma 100. Kuanzia 50 kwenda juu ni sawa, 40 kushuka chini ni moyo uliodhoofika. Na kuna mtego: akina mama wa umri wa mama yako wenye presha ya miaka mingi mara nyingi hutoka na 55 au 60 na bado moyo umeelemewa, kwa kuwa msuli umekakamaa, unasukuma vizuri lakini haulegei ukajaa. Kaka akiona 60 asije akasema "si niliwaambia, mzima huyu."

Moyo kushindwa kazi si moyo kusimama, na daktari hakumpa mama siku za kuishi. Ni ugonjwa mzito, sitaupaka asali, lakini wapo watu wanaoishi nao kwa miaka wakilima na kwenda kanisani. Wanaoharibikiwa haraka ni wale wanaoacha dawa uvimbe ukiisha. Vidonge vya kukojoza huondoa maji tu. Baada ya eko, na hasa asilimia ikiwa ndogo, daktari ataongeza dawa nyingine ambazo mama hatazihisi zikifanya kitu, na hizo ndizo zinazoulinda moyo. Msizipime kwa kuangalia miguu.

Kidonge cha pili kisimezwe usiku. Hakuna sababu ya kumtoa mama wa miaka 67 nje saa nane za usiku kwenye utelezi. Cha kwanza akimeze asubuhi akiamka, cha pili mchana, saa nane au tisa, ili hadi jioni kazi iwe imeisha. Mpigie daktari umweleze, atakubali. Na atakapoanza kulala vizuri usishangae hata safari za usiku zikipungua zenyewe: sehemu ya mkojo wa usiku ni maji ya miguuni yanayorudi kwenye damu mtu akijinyoosha.

Diklofenaki iishe leo. Hii ndiyo ningeipigia kelele kuliko yote uliyoyaandika. Hiyo, ibuprofeni na ndugu zao huzuia figo kutoa chumvi na maji, hupandisha presha, na hudhoofisha kazi ya vidonge vya kukojoza. Kuna wagonjwa wodini ambao tumewatoa maji, tukawaruhusu, wakarudi wiki iliyofuata wamejaa tena, na ukipekua mkoba unakuta karatasi ya vidonge vya magoti. Kwa maumivu atumie parasetamoli ya kawaida, ile isiyoyeyushwa kwenye maji. Vile vidonge vinavyochemka kwenye glasi vina sodiamu nyingi.

Nikiwa hapo kwenye sodiamu: mama anasema chumvi amepunguza, na namwamini. Muulize magadi. Kiburu, maharage, makande, jiko la Kichagga magadi halikosi, na mwili hautofautishi sodiamu ya magadi na ya chumvi. Vikolezo vya pakiti vya mchuzi navyo ni hivyo hivyo. Mtori ninausamehe, mradi nyama na ndizi vijitetee vyenyewe kwa kitunguu, tangawizi na limau. Mbege asubiri mpaka eko isomwe.

Tafuteni mizani ya kupimia mtu. Kila asubuhi apime akishakojoa, kabla ya chai, kwa nguo zilezile, na uandike kwenye daftari. Lita moja ya maji ni kilo moja, na lita kadhaa zinaweza kujificha mwilini kabla jicho halijaona mguu umevimba, kwa hiyo mizani hutangulia kusema. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku tatu, mpigie daktari siku hiyohiyo. Andika na idadi ya mito. Akirudi kitandani na mito miwili, dawa inafanya kazi. Lakini akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi, akikohoa povu jekundujekundu, akianza kuchanganyikiwa, kifua kikimbana au akizimia, msisubiri asubuhi wala kaka, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Na mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, hilo ni jambo jingine kabisa, yaweza kuwa damu iliyoganda, nalo halisubiri.

Sasa Arusha. Kuhama wiki ijayo nakataa. Eko iko Moshi, faili liko Moshi, daktari aliyeiona ile 8 yuko Moshi, na anahitaji kuipima tena baada ya vidonge. Kaka ndiye aje Jumamosi, aone shingo ya mama kwa macho yake, alipe eko, aache na mizani. Baada ya hapo, kama analala kitandani, uzito umeshuka na ukatulia, na daktari ameridhia, safari yenyewe ni ya kama kilomita 80, anaiweza. Asipande basi ambalo halijajaa litakalomzungusha stendi saa nzima. Kidonge cha asubuhi siku hiyo muulizeni daktari kama anaweza kukimeza akishafika, maana hakuna dereva wa njia ile atakayesimama mara nne kwa ajili ya mama mmoja. Avae viatu vilivyo wazi, akae kiti cha dirishani, dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi na si kwenye buti, na nakala ya faili abebe mwenyewe, pamoja na jina la daktari wa Arusha atakayempokea.